Molariti imegoma? Angalia jibu lako limekosea mara ngapi

Umefanya hesabu ya molariti (moli ngapi ziko kwenye lita moja ya solusheni, yuniti yake M), jibu halifanani na la wenzako wala na kilichoandikwa kwenye chupa. Wengi hapo wanafuta wanaanza upya kutoka juu, na shida ni kwamba ukianza upya unapita njia ileile na kosa lako unalipita tena kama vile halipo. Fanya hivi badala yake: chukua jibu lako ugawanye kwa jibu lililotakiwa, afu uiangalie hiyo namba vizuri, na ikiwa chini ya 1 igeuze, gawanya kinyume. Makosa ya molariti kila moja lina namba yake. Kosa la kusahau lita linatoa 1000, kosa la maji ya fuwele (maji yaliyofungwa ndani ya fuwele) kwenye sodiamu kaboneti linatoa 2.7, kosa la densiti linatoa densiti yenyewe. Ukiijua namba umeshamjua mwizi.

Kama hujui jibu lililotakiwa ni ngapi, kadiria. Solusheni za taitresheni (kupima asidi na besi kwa bureti) za sekondari mara nyingi zinacheza kwenye 0.05 M mpaka 0.2 M hivi, kwa hiyo ukipata 0.0001 au 37 ujue kuna jambo.

Tuweke mfano mmoja wa kurudia rudia. Gramu 4 za kostiki (NaOH), moli moja ni gramu 40, umeyeyusha ukajaza mpaka 250 cm³. Moli ni 4 ÷ 40 = 0.1. Lita ni 0.25. Molariti ni 0.1 ÷ 0.25 = 0.4 M. Sasa twende kwenye dalili.

Jibu limepishana mara 1000

Hii haihitaji maneno mengi. Umegawanya kwa 250 ukapata 0.0004, maana yake hujabadilisha cm³ kuwa dm³. Dm³ moja ni lita moja ni cm³ 1000, basi. Kwenye fomula ya taitresheni ya MaVa/MbVb (M ni molariti, V ujazo, a asidi, b besi) unaweza kuacha cm³ pande zote kwa sababu zinakatana, na hapo ndo watu wanapozoea vibaya, wakija kwenye moli gawanya kwa ujazo wanaacha cm³ vilevile.

Jibu limepishana mara 16, au mara 4, na sioni kosa lolote

Umezidisha badala ya kugawanya. 0.1 × 0.25 = 0.025, na 0.4 ÷ 0.025 ni 16. Kwa 500 cm³ tofauti inakuwa mara 4, kwa 100 cm³ inakuwa mara 100, yaani ni 1 ÷ (ujazo × ujazo), ujazo ukiwa kwa lita. Hili mara nyingi linatoka kwenye kalkuleta na wewe kichwani uko sawa kabisa: umeandika 4 ÷ 40 × 0.25 ukidhani mashine itajua kwamba 0.25 iko chini. Haijui. Weka mabano, au gawanya mara mbili mfululizo.

Tofauti ni sawasawa na uzito wa moli moja

Yaani 40 kwa kostiki, 36.5 kwa HCl, 106 kwa sodiamu kaboneti (Na₂CO₃) kavu, 98 kwa asidi ya salfa. Hapo hujakosea sana, umejibu swali lingine: umeandika gramu kwa dm³ wakati walitaka moli kwa dm³. Kostiki yetu ya 0.4 M ni gramu 16 kwa dm³, zote mbili ni kweli. Soma swali linataka yuniti gani, afu andika yuniti kwenye kila mstari hata kama inachosha, kosa hili haliwezi kukaa kwenye hesabu ambayo kila mstari una yuniti yake.

Jibu ni nusu, au mara mbili, au mara nne

Hapa ndo pana vurugu na hapa tukae kidogo.

Cha kwanza kuangalia ni ikwesheni. Asidi ya salfa inakula kostiki mbili:

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Tuseme 25 cm³ za NaOH zimemalizwa na 20 cm³ za H₂SO₄ ya 0.1 M. Moli za asidi 0.002, moli za kostiki 0.004, molariti ya kostiki 0.16 M. Ukisahau ile 2 unapata 0.08, nusu. Ukiikumbuka ila ukaiweka upande usio wake unapata 0.04, robo. Kwa hiyo jibu likiwa robo, ikwesheni yako ni nzuri tu ila namba za moli za ikwesheni, ile "na" ya asidi na ile "nb" ya besi, umezibadilishana kwenye fomula. Binafsi naona ile fomula ya MaVa/MbVb = na/nb imewaponza watu wengi kuliko iliowasaidia, tafuta moli za unachokijua, tumia ikwesheni uende kwenye moli za usichokijua, gawanya kwa lita. Hatua tatu na hakuna cha kubadilishana.

Cha pili ni indiketa, ile dawa inayobadili rangi kukuonyesha mwisho wa taitresheni, na hili hata hesabu ikiwa safi litakuumiza. Sodiamu kaboneti inamalizwa na asidi kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza inageuka kuwa NaHCO₃, ya pili ndo inaisha kuwa maji na gesi ya kabonidayoksaidi. POP (phenolphthalein) inapoteza rangi yake ya pinki mwisho wa awamu ya kwanza. MO (methyl orange) inasubiri mpaka mwisho wa ya pili ndo inatoka njano kwenda machungwa. Kwa hiyo kaboneti ileile, pipeti ileile, ukitumia POP unapata 12.5 cm³ na jirani yako aliyetumia MO anapata 25. Hakuna aliyesoma bureti vibaya. Ukitumia POP ikwesheni yako iwe ya moja kwa moja:

Na₂CO₃ + HCl → NaHCO₃ + NaCl

na ukitumia MO iwe ya HCl mbili. Asidi na indiketa na ikwesheni lazima viongee lugha moja. Kwa HCl na NaOH tupu POP na MO zinakaribiana sana, hapo usihangaike.

Natafuta x kwenye Na₂CO₃·xH₂O napata namba ya ajabu

Swali maarufu la mitihani hili, na x inajisema yenyewe. Chukua solusheni ya gramu 28.6 kwa dm³ ambayo kweli ni 0.1 M. 28.6 ÷ 0.1 ni 286, toa 106 inabaki 180, gawanya kwa 18, x ni 10. Safi.

Sasa ukipata x ya 2 na kitu kidogo: umesahau HCl mbili, molariti imetoka 0.2, 28.6 ÷ 0.2 ni 143, ukitoa 106 unabaki na 37. Ukipata x karibu 26: umetumia POP ila umegawanya kama MO, molariti imetoka 0.05, uzito wa moli ukawa 572. Na ukitumia POP afu ukasahau ile mbili vyote kwa pamoja unapata 10, unafurahi, unaandika, unapewa maksi au hupewi kulingana na anayesahihisha kama amesoma mistari ya juu. Kihesabu lakini uko sawa, maana kwa POP kweli ni moja kwa moja.

x ikiwa hasi, molariti yako ni kubwa mno, uzito wa moli umeshuka chini ya 106 na hiyo haiwezekani. Rudi juu kwenye ujazo.

Nimetengeneza solusheni, imetoka 0.037 M badala ya 0.1

Namba 0.37, au kinyume chake 2.7, ni ya maji ya fuwele ya sodiamu kaboneti. 286 ÷ 106 ni 2.7. Ulipiga hesabu ya unga mkavu, mkononi ulikuwa na fuwele zenye maji kumi. Kwa mrututu tofauti ni 1.56, maana CuSO₄ kavu ni 159.5 na ule wa bluu wenye maji matano ni 249.5. Kwa asidi ya oksali ni 1.4, yaani 126 kwa 90. Soma lebo mpaka mwisho, ile nukta katikati ya fomula ina maana. Rangi nayo inasaidia kwenye mrututu: wa bluu una maji, mweupe hauna. Kwenye kaboneti angalia umbo, fuwele kubwa za kioo zina maji kumi, unga mweupe una machache au hauna kabisa.

Ila kuna mtego. Zile fuwele za maji kumi chupa ikiachwa wazi zinapoteza maji zenyewe kwa hewa, zinavunjika zinakuwa unga wa maji moja tu, uzito wa moli 124. Lebo bado inasema 286. Ukipima gramu 28.6 za unga huo ukajaza lita unapata 0.23 M badala ya 0.1. Kwa hiyo ukiona solusheni imezidi mara 2.3 na hesabu haina kosa, angalia kwenye chupa kama ndani kuna fuwele au vumbi. Hapo katikati, chupa ikiwa haijamaliza kukauka, utapata namba yoyote kati ya 1 na 2.3 na hakuna hesabu ya kukuokoa, itaitreti tu ujue ina ngapi.

Na kwa wanaotumia magadi ya sokoni kama mbadala wa sodiamu kaboneti, jamani magadi ni kitu kingine. Ule mwamba unaotoka kwenye maziwa kama Magadi na Natron kwa sehemu kubwa ni trona, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, uzito wa moli 226, na moli moja inakula HCl tatu kwa MO. Mtu anapima gramu 5.3 kwa 500 cm³ akitegemea 0.1 M, anachukua 25 cm³ na HCl ya 0.2 M, anasubiri ifike 25.0 inamalizikia 17.6. Hiyo ni trona safi, ya sokoni ina chumvi na udongo kwa hiyo itakuwa chini zaidi. Kufundishia taitresheni inafaa, kuita solusheni sanifu (ambayo molariti yake unaijua kwa uhakika) haifai.

Nimezimua asidi ya chupa, imetoka kali kuliko nilivyopiga

Gawanya. Ukipata karibu 1.18 na ilikuwa HCl, au 1.84 na ilikuwa asidi ya salfa, umesahau densiti. Asilimia kwenye lebo ni ya uzito. 36% maana yake gramu 36 za HCl kwenye gramu 100 za kile kimiminika, siyo kwenye cm³ 100. Lita moja ya kile kimiminika ina uzito wa gramu 1180, asilimia 36 yake ni gramu 424.8, gawanya kwa 36.5 unapata 11.64 M. Aliyesahau densiti anasema gramu 360 kwa lita, 9.86 M, anachukua 10.1 cm³ kwa lita moja ya 0.1 M wakati alitakiwa kuchukua kama 8.6, anapata 0.118 M. Kwa asidi ya salfa ni balaa zaidi, 98% na densiti 1.84 ni 18.4 M, bila densiti unapata 10 tu.

Kama imetoka hafifu kuliko ulivyotarajia na hesabu ni nzuri, angalia umri wa chupa. HCl kali inatoa moshi kila ikifunguliwa na ule moshi ndo asidi yenyewe inaondoka.

Na hii siyo hesabu lakini siwezi kuipita: maji kwanza kwenye bika, asidi inaingia taratibu huku unakoroga. Ukimwagia maji juu ya asidi ya salfa inachemka hapohapo inakurukia usoni.

Solusheni imepungua kidogo, 0.91 hivi

Uliambiwa punguza mara kumi ukachukua 10 cm³ ukaongeza 100 cm³ za maji. Jumla ni 110. Solusheni ya 2 M imekuwa 0.182 M badala ya 0.2. Kupunguza mara kumi ni kuchukua 10 na kujaza mpaka alama ya 100. M₁V₁ = M₂V₂, ile V₂ ni ujazo wote wa mwisho, siyo maji uliyoongeza.

Kosa la ndugu yake ni kuyeyusha kitu kwenye lita nzima ya maji badala ya kuyeyusha kwenye maji kidogo afu ujaze mpaka lita. Kwa gramu 4 za kostiki huoni tofauti ya maana, ila gramu 180 za glukosi kwenye lita moja ya maji zinafanya jumla ipite lita 1.1, na 1 M yako inakuwa kama 0.9. Kostiki nayo inapasha maji moto ikiyeyuka, iache ipoe ndo ujaze mpaka alama, ukijaza ikiwa moto ikipoa itashuka chini ya alama na utakuwa umeweka maji pungufu.

Na bika siyo kipimo. Mistari yake ni ya kukadiria, inaweza kukosea asilimia 5 bila aibu. Tumia flaski ya ujazo yenye shingo ndefu, macho usawa wa mstari, usome chini ya mkunjo wa maji.

Kuna watu wakikosea asilimia 5 wanasingizia joto la Dar. Flaski kweli imepimwa kwa nyuzi 20, ila maji kutoka 20 kwenda 30 yanatanuka kama robo ya asilimia tu.

Hesabu nzuri, ila taita zinacheza au zote zimehama upande mmoja

Taita ni ule ujazo wa asidi uliotoka kwenye bureti. Hapa kosa liko mkononi, na upande iliohamia unakuambia chombo gani. Nachukulia asidi iko kwenye bureti na besi kwenye flaski.

Taita zimekuwa kubwa: bureti ilisuuzwa na maji tu bila kusuuzwa na asidi yenyewe, asidi imezimuliwa humo ndani. Ukiona ya kwanza ni kubwa afu zinazofuata zinashuka, karibu uhakika ni hii. Au ulisuuza flaski na besi badala ya maji, kwa hiyo kuna besi ya ziada. Au ulipuliza lile tone la mwisho la pipeti. Au kulikuwa na kipovu cha hewa kwenye ncha ya bureti, kikatoka katikati ya kazi na kikahesabiwa kama asidi.

Taita zimekuwa ndogo: pipeti ilikuwa na maji ndani, au umeacha faneli juu ya bureti inadondosha matone ya asidi wakati unaendelea. Toa faneli kabla hujasoma sifuri, mara zote.

Flaski kuwa na maji hakuna shida kabisa, hata ukiongeza maji katikati kusuuza kuta. Moli zilizoingia kwa pipeti hazibadiliki. Wengi wanahangaika kukausha flaski na kuacha pipeti ikiwa na maji, kinyumenyume.

Kwenye wastani usiingize pailoti, ile taita ya kwanza ya kujaribu. Chukua zile zinazokaribiana ndani ya 0.2 cm³. 24.1, 24.2 na 24.9 wastani wake siyo 24.4, ni 24.15 na ile 24.9 unaiacha au unarudia.

Kostiki niliyotengeneza mwenyewe kila siku inabadilika

Kostiki haiwezi kuwa solusheni sanifu kwa kupima tu kwenye mizani. Vile vidonge vinanyonya maji ya hewani wakati bado unasoma mizani, mwambao wa pwani ndo usiseme, na vinanyonya kabonidayoksaidi vinageuka kaboneti. Gramu 4 ulizopima siyo gramu 4 za NaOH.

Kuna kipimo kizuri cha kujua kama imeshaharibika kwa hewa: itaitreti mara mbili na HCl, mara moja kwa POP na mara moja kwa MO. Zikitoa taita karibu sawa iko salama. POP ikitoa ndogo wazi kuliko MO, kaboneti imeingia, na tofauti kati yao, kwa lita, ukiizidisha kwa molariti ya HCl ndo moli za kaboneti hiyo.

Dawa ni kuanzia kwenye kitu kinachotulia. Na₂CO₃ kavu iliyopashwa moto vizuri ikapozwa bila kunyonya unyevu, gramu 2.65 kujaza 500 cm³ inakupa 0.05 M. Kwa hiyo pima HCl yako, afu kwa HCl hiyo pima kostiki. Shule ikiwa na potasiamu haidrojeni fthaleti unaruka hatua moja, gramu 5.1 kwa 250 cm³ ni 0.1 M na unapima kostiki moja kwa moja kwa POP.

Jibu haliwezekani kabisa

Maji yenyewe matupu ni 55.5 M, gramu 1000 gawanya kwa 18. Kwa hiyo ukipata molariti ya chumvi kuwa 70 usiendelee hata mstari mmoja. Chumvi ya mezani inagoma kuyeyuka ikifika kama 5.4 M kwa joto la kawaida. Dripu ya chumvi ya hospitali ya 0.9% ina gramu 9 kwa lita, 0.154 M, ukishika namba hiyo kichwani utajua jibu lako la chumvi liko wapi kati ya dripu na chumvi iliyogoma.

Uwiano haufanani na chochote hapo juu

Basi ni makosa mawili yamezidishana. 5.4 ni 2 mara 2.7, yaani ikwesheni na maji ya fuwele. 0.74 ni 2 mara 0.37, vilevile ila yamevutana. 500 ni 1000 gawanya kwa 2. Jaribu kuvunja namba yako kwa zile tulizozitaja: 1000, 2, 4, 2.7, 1.56, 1.18, 1.84, na uzito wa moli.

Ikigoma kuvunjika na mikono yako unaiamini, shuku chupa. Kuna maabara chupa moja imeshajazwa na watu watatu na lebo ni ya yule wa kwanza. Taitreti kilichomo na asidi uliyoipima upya kwa Na₂CO₃, andika molariti mpya na tarehe kwa kalamu isiyofutika, lebo ya zamani ibandue.